Pole Iliyoangukia Kitanda cha Bi Harusi

Karakana, nyuma ya duka la rangi
Jumatano asubuhi

Mpendwa mjukuu wangu Chiriku,

Mimi babu yako nina miaka themanini kasoro mmoja. Nimewazika mafundi wote walionifundisha randa, na wawili waliosema sitafika popote. Basi usione mwandiko umepinda ukadhani nimechoka. Una sababu yake.

Hujambo lakini? Kifua kimepona? Unakula, au unashinda na kompyuta kama mlinzi na geti? Sisi wazima, ila roho yangu haijatulia tangu juzi.

Ni ile tovuti uliyotutengenezea. Ulinieleza nikaelewa kabla hujamaliza, maana ni useremala ule ule: ukurasa ni kabati, ndani yake droo, ndani ya droo kadi, na kwenye kadi picha, jina na kitufe cha kuagizia. Kadi zote zinatoka kwenye kiolezo kimoja, kama ninavyokata miguu ya viti. Ukanipa ruhusa ya kuweka picha. Ukasema, "Babu, kiolezo usikiguse."

Sasa nilitaka kadi ya jeneza iwe na neno la utu. Nikaandika: Poleni sana kwa msiba, Mungu awape subira. Kumbe nimeandika kwenye kiolezo. Maneno yameingia kila kadi: madawati ya shule, kitanda cha mtoto mchanga, na kile kitanda cha bi harusi.

Jana mama wa bi harusi alikuja na simu mkononi. Hakukaa.

"Mzee, mwanangu anaolewa Jumamosi. Hii pole ni ya nani?"

Nikamwambia ni ya jeneza, jirani wa kitanda kabatini. Hakucheka. Amesema maneno yasipotoka kufika Ijumaa, kitanda hakivuki kizingiti chake. Na ubao ule wa kichwani, hakuna fundi aliye hai anayeuchonga vile.

Nimeyafuta kadi moja moja, yanarudi. Kiolezo kikipinda hupigi randa miguu, unanyoosha kiolezo. Hilo nalijua kuliko wewe. Ila sikigusi tena, nisije nikauza jeneza kwa jina la dawati.

Simu nimeizima, kila anayepiga anauliza nani amefariki. Fundi baiskeli alikuja kofia mkononi, akanikuta napiga msasa. "Kumbe mzee upo?" Nikamjibu nipo, na nitamzika yeye. Lakini usingizi sikuupata.

Barua hii anakuletea mjomba wako dereva, kesho atakuwa kwako. Nyoosha kiolezo kwanza, maji ya kunywa utampa baadaye.

Nisalimie mumeo na shangazi yako muuguzi. Mungu akutunze, na mikono yako isikosee kama ya wengine.

Ukiona nimetia chumvi, muulize bibi yako. Alikaa pembeni akinitajia herufi za ile pole, na ndiye aliyesema maneno tuyaandike makubwa, wasioona vizuri nao wafarijike.

Ni mimi babu yako, ambaye hakuna akupendaye kumzidi,
Fundi Mkuu