Mlango wa Upande wa Jua

Chanji, Sumbawanga,
Mwezi wa Juni.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Na shikamoo pia Mzee Isdori, katekista wetu, maana najua ndiye aliyeishika karatasi hii anakusomea. Mzee, naomba usome polepole, na usiruke mahali kwa kunionea aibu. Ndani ya bahasha kuna kitu kigumu nimekifunga kwa kitambaa na uzi. Kiwekeni pembeni kwanza, tutakifikia.

Habari za huko Milepa, mama? Macho yanaamkaje? Na yule tetea wako mkorofi, bado anakwenda kutaga jikoni kwa jirani? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila baridi ya mwezi huu acha tu. Upepo unapiga bati tangu asubuhi, na ukungu ukishuka unaweza kumpita jirani bila salamu, kesho yake akakununia. Mume wangu, mkweo Anyelwisye, anakusalimu sana. Kaniambia niandike kwamba anakusalimu akiwa amesimama mbali, kama inavyotakiwa.

Utauliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ya Flavian ipo. Mama, Flavian akipokea simu anaweka sauti ya nje, na dukani kwake watu hawakosi. Mambo haya siyataki kwenye foleni ya sukari. Heri yapite kwa katekista, ambaye amezoea kutunza siri za watu.

Nianze na chumba chetu, maana ndicho kilicholeta yote. Wewe ulikiona siku ile baada ya Pasaka, ingawa ulikiona kwa kusimama mlangoni tu. Ni kimoja, mlango mbele, dirisha nyuma. Tulipohamia hatukuwa na vitu, na bado kilijaa. Magunia ya mahindi, ndoo za maji, jiko la mkaa, boksi la spea za baiskeli anazouza mkweo sokoni, basi mmoja akitaka kupita mwingine anapanda kitandani. Pesa ya kupanga vyumba viwili hatuna, na nikisema hatuna sisemi kwa kudeka.

Ndipo nikaanza kuota mchana. Unanijua, mama, ulikuwa unanitandika kwa kuacha mboga iungue huku nimeukodolea moshi macho. Nikimaliza kufagia, nakaa kwenye kigoda nafumba macho, nakipanga chumba kichwani. Nahamisha hiki, natundika kile, kitanda kinaelea kama hakina uzito. Siku moja nikiwa hivyo hivyo nikaona kitu ambacho sijui kwa nini sikukiona mapema: sakafu yetu ni ndogo, lakini kuta zote zimekaa bure. Nikaamka nikatafuta misumari.

Kwa hiyo vitu vikapanda ukutani. Kreti za soda zilizovunjika zikawa kabati la vyombo. Makopo ya rangi aliyoyatupa fundi mmoja nikayasugua, yakawa ya unga, maharage na karanga. Kitanda nikakiinua kwa matofali, magunia yakalala chini yake. Nguo zikapanda kwenye kamba. Na ile sufuria kubwa ya ugali uliyonipa siku ya harusi nikaisugua kwa jivu mpaka ikang'aa, nikaitundika mbele, mtu akifungua mlango aione kwanza. Mama Violeth mwenye nyumba alikuja kuchungulia, akasema mimi nikipewa kiberiti nitapangisha wapangaji ndani yake. Nilivimba kichwa wiki nzima!

Halafu ukaja wewe. Nilikuwa nimekusubiri kama mtoto anavyosubiri Krismasi. Tulitoka wote kwa daktari wa macho, akasema ni mtoto wa jicho, la kushoto limeshafunga na la kulia liko njiani, ila unafanyiwa upasuaji na kuona tena, mradi usichelewe, na mradi ukae hapa mjini wakuangalie mpaka upone. Nilirudi nawe nyumbani nikiruka. Nikafungua mlango nikasema karibu mama, kwako hapa. Ukaweka mguu mmoja ndani. Ukageuza uso. Ukatoka, ukakaa kwenye ngazi na kikapu chako mapajani, ukala ugali wangu hapo nje kwenye upepo, kisha ukasema kuku hawana mtu wa kuwafungia. Ukapanda gari mchana ule ule.

Mama, sitakuficha, nilikasirika. Nililia, nikatukana hata kuku wako, Mungu anisamehe. Niliamini umeona haya kwa umaskini wangu, kwamba umetazama makopo yangu na kreti zangu ukaona mwanao amepotea. Jioni mkweo aliporudi nikamwaga yote. Nikamwambia mama yangu ameona afadhali apofuke kuliko kulala kwangu.

Yeye hana haraka ya kujibu, unamjua. Alisimama mlangoni pale pale ulipotia mguu, akatazama ndani, kisha akaanza kucheka kwa upole na kutikisa kichwa. Akaniuliza, mtu akifungua mlango huu anaona nini kwanza? Nikasema anaona sufuria. Akasema hapana, sufuria unaiona wewe uliyeisugua. Anayeingia anaona kitanda. Kitanda chetu, na suruali zangu zimening'inia kwenye kamba juu yake.

Nilitaka ardhi ipasuke. Mimi, mtoto wa Milepa niliyefundwa nikafundika, nimempeleka mama yangu mzazi uso kwa uso na kitanda cha mkwewe! Mama mkwe ambaye hata kukaa mahali mkwe anapovulia shati hawezi, mimi nikamwambia karibu, kwako hapa. Mkweo akanisimulia kwamba kwao Rungwe, mama yake alipokuwa bado mke mgeni, akisikia baba mkwe anakohoa njiani aliingia migombani na mzigo kichwani akajificha mpaka mzee apite. Kwa hiyo, akasema, mama yako hakutukimbia. Ametuheshimu. Hatuwezi kumwomba aache heshima yake ili apate macho.

Nikarudi kwenye kigoda changu. Nikatundika vitenge viwili katikati ya chumba, mkweo akakohoa upande wa pili, nikakisikia kikohozi kama kiko begani. Nikavishusha. Asubuhi moja nikiwa nimefumba macho, nikakuona. Ulikuwa umekaa pale nyuma, chini ya dirisha, mahali jua linapoingia likikata ukungu, unachambua maharage peke yako na unaimba. Nikatafuta katika ndoto ile ulipitia wapi, maana kwa mlango wetu hukupita. Nikafumbua macho sijapata jibu. Nikamsimulia mkweo kama mzaha tu. Hakucheka. Alikwenda akasimama mbele ya dirisha, akapima upana wake kwa mikono, kisha akapima upana wa mabega yake.

Sasa Mzee Isdori, hapa paza sauti kidogo.

Mama, lile dirisha limeshuka mpaka chini. Limekuwa mlango. Mkweo alikwenda kumwomba Mama Violeth ruhusa, yule mama akang'aka kwamba tangu lini mpangaji akatoboa nyumba ya watu. Mkweo akamweleza sababu, kwamba mama mkwe wake hawezi kupita mlango mmoja naye. Mama Violeth akafunga khanga vizuri, akasema mlango wa jiko lake la zamani lililobomoka na mvua upo tu nyuma unaliwa na mchwa, tuuchukue. Tumeukata vipande viwili, cha juu unakifungua peke yake kikawa dirisha. Matofali tuliyoyatoa ukutani ndiyo yameinua kitanda chako. Katikati ya chumba tumesimamisha mabanzi, tukayakandika udongo pande zote mbili hadi kwenye bati, na si mkweo tu, hata mimi sitakusikia ukikohoa. Tumejaribu.

Na hakuna mlango kati yetu na wewe. Nikitaka kukuletea chai nitatoka nje, nizunguke nyumba, nipige hodi kama mgeni, na wewe ukitaka utanikaribisha, usipotaka nitarudi. Kwako mlango unatazama mawio, kwetu unatazama barabara. Wewe na mkwe wako hamtakutana isipokuwa uwanjani, naye ameshaahidi kukohoa kila akija nyuma kuteka maji, ili upate nafasi ya kugeuza uso.

Utasema tumebanana. Ni kweli tumebanana. Upande wetu sasa hauna dirisha, mchana tunaacha mlango wazi tupate mwanga. Lakini mama, sisi macho yetu mazima. Jua lote la asubuhi tumekuachia wewe, na siku daktari atakapokufungua kitambaa nataka liwe la kwanza kukuamkia.

Basi fungueni sasa kile kitambaa. Ni ufunguo wa kufuli la mlango wako. Mkifungua vizuri mtaona ziko mbili, kwa sababu kufuli linakuja na funguo mbili, na mkweo amekataa katakata kubaki na hata mmoja. Anasema chumba cha mama mkwe hakina ufunguo mfukoni mwa mkwe. Nikamwambia sawa, nitunze mimi. Akasema wewe ukiwa nao, mimi ninao. Alilifunga kufuli mwenyewe, akanipa zote mbili nikuwekee kwenye bahasha, na nimeshaipeleka stendi kwa dereva wa gari la Milepa kabla sijakumbuka... La, nakudanganya, mama, bado ninayo mkononi, ndiyo maana naongeza mistari hii. Nimekumbuka sasa hivi. Sufuria yangu kubwa imebaki humo ndani! Niliitundika kwako ukutani ili uone kitu cha nyumbani, na ungo wangu umo, na mwiko pia.

Nimemwomba mkweo aniruhusu nitoe ufunguo mmoja humu kwenye bahasha kwa dakika moja tu. Amekataa. Anasema mwenye chumba akija atatutolea.

Kwa hiyo mama, tunapika ugali kwenye kisufuria cha chai, na mkweo analala na njaa bila kulalamika. Kuku wako Mzee Isdori atawafungia, nimeshaomba kwenye sala akubali. Wasalimie wote wa kigango, na Flavian umwambie simu yake haijambo. Ukishuka stendi usiulize kwa Anyelwisye wala kwa Kalista. Uliza kwa Mama Violeth, zunguka nyuma, fungua kwako. Sisi tutasubiri nje mpaka utuite.

Ni mimi mwanao akuotaye mchana,
Kalista.