Mgahawa wa Mama Hauuzwi

Palma, mtaa wa Sokoni,
Jumatano, 13 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Bachir,

Assalaam alaikum warahmatullah. Hujambo wewe, na wifi yangu Nuria hajambo? Mgongo wako umepoa? Na yule binti yenu wa mwisho, jino limeshatoka au bado anawatafuna vidole? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Goti langu la kushoto linaniuma nikiinama kupuliza moto, lakini nikishainuka nalisahau, kwa hiyo usianze kunihurumia.

Barua hii anakuletea Ibraimo, mtoto wa mama mdogo, anayevuka Ruvuma kesho kuja huko Mtwara. Ningeweza kukutumia sauti kwa simu kama ulivyonitumia wewe, lakini nakujua, ungeikatiza katikati ukasema mtandao mbovu. Karatasi utaisoma mpaka chini, na Nuria atakusimamia.

Sauti yako niliisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika, ya tatu nikaenda kuosha masufuria yaliyokuwa safi. Eti Palma imekufa. Eti hakuna hata pa kunywa chai, mimi nimebaki kung'ang'ania kuta, kwa hiyo umempata mnunuzi wa mgahawa wa mama, nitie sahihi nihamie kwenu nikapumzike. Nani amekuambia nimechoka? Umeondoka miaka minne, hujarudi hata siku moja, halafu unanisimulia mimi mji wangu!

Haya, kaa nikuambie pa kunywa chai. Cassimo yupo palepale ubavuni mwa soko la samaki. Mji ulipovamiwa alikimbilia Pemba, mji wetu wa huku kusini, kama wengine, akakaa miaka miwili, akarudi na birika lake lilelile lenye mkono wa waya. Watu wakitoka msikitini alfajiri wanakuta tangawizi imeshachemka, na mkate wa moto uliopasuliwa katikati ukatiwa bajia tatu na pilipili. Ukimwuliza kwa nini bajia zimekuwa ndogo, anakujibu, "Mdomo wako ndio umekuwa mkubwa." Anatukana kila mtu, na kila mtu anarudi kesho yake. Mimi nakunywa vikombe viwili nikiwa nimesimama, kwa sababu benchi wamelikalia wavuvi na hawanipishi, adabu zao mbovu kama zako.

Siku nisiyotaka kula mapishi yangu mwenyewe, mchana naenda kwa Alzira. Umenionya juu yake kwenye sauti yako, kwamba ni mtu wa bara, Mmakonde, Mkristo, na siku hizi hatujui nani ni nani. Bachir, hapo uliniudhi kweli. Mimi najua yeye ni nani. Ni yule aliyenimegea nusu ya muhogo wake siku ya tatu tuliyokuwa porini, wewe ukiwa umeshavuka mto na watoto. Ana masufuria ya aina mbili: ya wateja wake wa kwao wanaokula nguruwe pori, na ya kwetu, ambayo ameyafunga kitambaa cha kapulana cha kijani kwenye vishikio, na hayajawahi kukutana hata kwenye kuoshwa. Sima yake anaitoa na matapa, kisamvu cha karanga na nazi, nimejaribu kukipika mara kumi nimeshindwa. Nikimwuliza anatia nini, anasema, "Natia moto tu, dada." Mwongo mkubwa yule.

Jioni ni pweza wa Dalila, kule ufukweni wanakotua wavuvi wa ghuba ya Tungue. Anampigapiga juu ya jiwe mpaka mkono unamchoka, anamchemsha, anamchoma, kisha anakukatia vipande juu ya karatasi ya daftari la shule. Juzi nimekula pweza wangu juu ya hesabu za kugawanya, na mtoto mwenyewe alikuwa amezikosa zote. Wanaokunywa tembo wana pao kwa Bernardino, nyuma ya minazi. Mimi simo, Mungu aninusuru, lakini vicheko vyao navisikia mpaka jikoni kwangu, na mara nyingine nacheka nao bila kujua wanachochekea.

Sikufichi mambo. Kuna nyumba bado hazina paa, na kuna majina hatuyataji mezani. Kuna siku gari linapiga mlio mkubwa, kijiko cha mtu kinabaki hewani. Kisha Cassimo anatukana, tunaendelea kula. Hivyo ndivyo tunavyoishi, na hatujamwomba mtu ruhusa.

Sasa tuje kwa mgahawa wa mama. Paa liliungua, meza zikachukuliwa zote, ila mafiga matatu niliyakuta palepale alipoyaweka yeye. Nimeezeka mabati, Alzira akanishikia ngazi huku akipiga kelele kwamba nitaanguka nimfie mikononi. Nimepata meza nne. Napika wali wa nazi na mchuzi wa kolekole, kama alivyopika mama, na Ijumaa watu wanasubiri nje kwa zamu. Huo ndio mgahawa uliotaka kuuza, Bachir. Kuta hizo unazozisema zina watu ndani yake wanaokula.

Jumamosi iliyopita, saa sita mchana, rafiki yako Suleimane akaingia kwangu na mnunuzi wako, yule Hélder, bwana wa kutoka kusini, mpole, shati limepigwa pasi. Nyuma yao wazee wawili wa mtaa, kuwa mashahidi. Suleimane akafungua bahasha akanionyesha karatasi. Sahihi yako ilikuwa imeshatiwa, imebaki nafasi yangu tu. Hukuniuliza. Mama alituachia sote wawili, na wewe ulitia sahihi kwanza ndipo ukanitumia sauti.

Desturi yetu unaijua, labda kama Mtwara wamekusahaulisha. Mtu wa hapa akiuza nyumba, yeye mwenyewe ndiye anayepika, na mnunuzi na mashahidi wanakula sinia moja mle ndani, mkekani, bila kulipa kitu. Sinia lisipotandikwa, hakuna mzee hapa atakayetia kidole kwenye karatasi. Suleimane analijua hilo vizuri sana, ndiyo maana aliwaleta saa ya chakula. Akatandika mkeka mwenyewe, akakunja mikono ya shati, akasema, "Dada Zubeida, tuletee sinia tumalize."

Sinia la mama liko juu ya kabati. Nililitazama. Nililia, Bachir, sikufichi, nikiwa nimewapa mgongo, na machozi yakaingia mdomoni. Nilifikiria goti langu. Nilifikiria chumba ulichoniandalia, na wanao waliokwisha kuisahau sura ya shangazi yao. Nilinyoosha mkono mpaka nikaligusa lile sinia.

Kisha nikachukua sahani. Zile za wateja, za bati, moja moja. Nikapakua wali, kolekole, mchuzi, kipande cha ndimu pembeni, nikaziweka juu ya meza, si mkekani, nikasema kwa sauti ya kufika mpaka kwa Cassimo, "Karibuni mezani. Kila sahani meticali mia na hamsini, na hapa tunalipa kabla ya kula."

Loo! Wazee wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka kimyakimya, mabega yanamruka. Suleimane akabaki mkekani peke yake, kichwa chini. Na Hélder, maskini, mambo yetu hayajui, akatoa pesa akalipia wote wanne kwa ukarimu kabisa, akala, akasifu, akaomba ukoko. Aliponawa akauliza sahihi inatiwa wapi. Yule mzee aliyecheka akamwambia kwa upole, "Baba, umelipia chakula. Anayelipia chakula ndani ya nyumba hii ni mteja. Nyumba haijauzwa." Hélder na wazee wakaaga, wakaondoka.

Nikamwuliza Suleimane kama nimwongezee mchuzi. Akavaa viatu, na kwa haraka aliyokuwa nayo aliisahau bahasha mezani. Bahasha hiyo na karatasi yake niliwashia moto wa jiko Jumapili asubuhi, na ulishika upesi.

Hélder sina ugomvi naye. Jumatatu alirudi peke yake, akakaa meza ileile, akaagiza kolekole. Ameniambia atatafuta kiwanja kingine na kwamba hapa ataendelea kuja kula. Nimempa ukoko bila yeye kuuomba.

Najua ulifanya vile kwa kuniogopea. Najua usiku ule ulipovuka bila mimi bado unakukaa kifuani, na unataka univushe sasa ili upumue. Nakusamehe, tena nakupenda sana, mdogo wangu. Lakini siji. Nimeshakimbia mara moja, na niliporudi nilikuta hata mbwa hana wa kumbwekea. Mtu wa kwanza kupika moshi ukaonekana mtaani humu nilikuwa mimi, na walioona ule moshi ndio waliorudi wakaja kuuliza kuna nini cha kula. Mimi nikifunga jiko hili, wao waende wapi?

Msalimie sana wifi yangu Nuria, na mwambie kilemba alichonitumia nakivaa Ijumaa. Wabusu wanao. Mama mdogo Nélia kule Mikindani mwambie dawa ya goti imefika. Alzira anakusalimu, ingawa nimemwambia ulichosema. Cassimo anakutukana, nawe unajua kwake hizo ni salamu. Mungu awakinge na shari, awape riziki ya halali, na asiikaushe mikono yako kwa ile sahihi.

Siku utakayokuja, pita mlango wa uani, vua viatu, kaa mkekani. Nitalishusha sinia la mama tule sote. Lakini ukija na mnunuzi mwingine, pita mlango wa mbele, ukae mezani, na wewe nitakutoza.

Dada yako akupendaye na asiyehama,
Zubeida