Kijitabu cha Katiba Alichopewa Chantal

Alhamisi, 9 Machi 2006. Mvua ya Brussels, ile isiyonyesha wala kuacha.

Nina wivu. Tangu mchana nimejaribu kuupa jina lingine: uchovu, hasira, hata haki. Ni wivu.

Mimi na Chantal tunatunza wazee katika nyumba moja huko Woluwe. Kwenye ghorofa yetu anaishi Madame Hilde, Mjerumani wa miaka tisini na moja, aliyeolewa na Mbelgiji zamani. Droo yake ilikuwa na kijitabu chembamba: katiba ya Ujerumani, ile iliyoandikwa baada ya vita vya kwanza vya dunia na kuuawa kabla ya vile vya pili. Alipewa shuleni siku alipomaliza masomo, akiwa na miaka kumi na minne.

Katiba ile naijua. Nilisoma sheria Bukavu miaka mitatu, na profesa wetu aliifundisha kama daktari anayepasua maiti. Haki nzuri, kura kwa wanawake, halafu kifungu cha arobaini na nane, kinachomruhusu rais kuzisimamisha haki hizo wakati wa hatari. Mlango waliopitia wauaji wake. Kila nilipomwogesha Madame Hilde tulizungumza hayo. Wenzangu humwuliza kama amekula; mimi nilimwuliza habari za bunge. Nikajiambia, siku moja kijitabu kile kitakuwa changu.

Jumatatu alimpa Chantal.

Chantal, ambaye hakujua hata kama Ujerumani iliwahi kuwa na katiba hiyo! Alinionyesha tukibadilisha nguo, anacheka, akiniita Yaya, yaani mkubwa wake, kama kawaida: "Yaya, ona vile Madame Hilde amenipatia. Utanielezea, ee?"

Nilitabasamu. Kisha nikaenda kwa chef wetu, msimamizi wa kazi, ofisini nikamkumbusha kanuni ya nyumba: mfanyakazi hapokei zawadi ya mzee. Diploma yangu haijanifaa kitu katika nchi hii, lakini siku ile nilijua kunukuu sheria.

Leo asubuhi Chantal ameitwa. Kijitabu amenyang'anywa, na barua ya onyo amepewa.

Mchana nilimpelekea Madame Hilde supu. Hakuigusa.

"Ile haikuwa zawadi," aliniambia. "Kifungu cha mia moja arobaini na nane: kila mwanafunzi anayemaliza shule apewe katiba. Chantal amemaliza Jumamosi. Nani mwingine angempa?"

Nilikaa kitandani pake bila kuombwa.

Chantal alikimbia vita Uvira akiwa na miaka kumi na miwili, kabla ya kumaliza hata darasa la sita. Hapa amesoma jioni miaka minne, baada ya kazi, akisinzia kwenye metro. Jumamosi amepata cheti. Alinialika sherehe yake. Nilimwambia niko kazini.

Sikuwa kazini.

Na hata baada ya kusikia yote hayo, unajua nilichofikiri? Na mimi je? Nilipomaliza mimi, nani alinipa nini? Mwezi uliopita nchi yangu imepata katiba mpya, sijawahi hata kuishika. Wivu hauna haya.

Tulipotoka kazini tulingoja basi pamoja. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Yaya, ni nani anaweza kunifanyia vile? Mi sikuomba kitu."

Nikasema sijui.

Nimeandika neno hilo mara mbili nikalifuta, lakini ndivyo nilivyosema. Sijui. Akaniegemea begani mpaka basi lilipofika.

Bon, haya. Kesho kabla ya zamu nitamwambia kwamba ni mimi. Amwage machozi, anitukane, nitasimama pale pale. Halafu nitaingia ofisini kumtetea, na sitatoka mpaka barua ile ichanwe.

Nikishinda, kijitabu kitarudi mikononi mwake. Ninachoogopa ni kwamba nitamtazama akikipokea, nimpigie makofi, na bado nitamani kiwe changu.