Ndimu za Gauni la Harusi

Papa,

Nimeolewa! Kama sauti yangu ingeweza kufika huko uliko, ningepiga kelele neno hilo moja tu na barua ingeishia hapo. Nimeolewa na Espoir, yule mpiga gitaa wa kwaya anayetoka Bukavu, uliyewahi kumwambia kwamba gitaa lake linahitaji nyuzi na yeye mwenyewe anahitaji kula. Sasa anakula, Papa. Akimaliza sahani ananitazama kana kwamba nsima, ugali wa huku, niliivumbua mimi.

Lakini kaa vizuri, kuna habari itakayokufurahisha hata kuliko hiyo. Nimesoma kemia.

Najua umecheka. Wewe uliyefundisha kemia Uvira mpaka chaki ikakuingia kwenye kucha, binti yako akaenda kuchagua masomo ya lugha kwa sababu hayana fomula! Basi hapa kambini Dzaleka kituo cha masomo kilileta kozi ya kemia kwa njia ya mtandao, na tangazo lilisema ni ya watu ambao hawakusoma sayansi. Nilijiandikisha kwa kuwa nilikosa mtu wa kunisumbua. Tangu uondoke, nyumba ilikuwa kimya mno. Nikisema mvua itanyesha, hakuna anayeuliza, "Umejuaje?" Nikisema maharage yameiva, hakuna. Zamani neno lako hilo lilinichosha. Halafu likanyamaza, na mi nikawa...

Haya. Leo sitaki kulia. Leo nina furaha.

Darasani tulikuwa na kinyozi, mhubiri, muuza mandazi, na mimi na cherehani yangu. Profesa alikuwa nchi ya mbali, na mtandao ukizidiwa uso wake uliganda kwenye skrini mdomo wazi, kama anayesubiri kijiko. Maabara yetu ilikuwa jiko: majivu, ndimu, chumvi, sabuni. Alituambia mapema kwamba hataki kutufanya wakemia. Alitaka tu kwamba mtu akija na chupa, akasema inatibu kila ugonjwa, tujue cha kumuuliza. Espoir naye alijiandikisha, akaketi nami kwenye kompyuta moja, eti hazikutosha. Baadaye niligundua kulikuwa na moja tupu nyuma, kila siku!

Aliponiambia ananipenda, nilimjibu kwa neno lako: "Umejuaje?" Hakucheka. Alifikiri kweli kweli, akasema, "Sababu kila kitu mi naona mujini, ku Lilongwe, nataka kukuambia weye kwanza." Papa, ungedai ushahidi gani zaidi?

Sasa sikiliza kisa cha gauni. Unalikumbuka gauni la kanisa, lile moja ambalo mabibi harusi wote wa kwaya huvaa kwa zamu. Mimi hulipunguza na kulipanua, Mama Riziki, mkubwa wa akina mama wa kanisa, hulifua na kulitunza. Siku chache kabla ya harusi yangu alilianika juu ya waya, mvua ikanyesha, na asubuhi tukakuta michirizi ya kutu kiunoni, pale pale mkono wa bwana harusi unapokaa wakati wa picha. Na madoa mengine mawili kwenye pindo. Nililia. Bibi harusi wa juma lililofuata alikuja kuona, naye akalia. Hakuna gauni jingine, na hakuna aliye na uwezo wa kununua jingine.

Mama Riziki alikuwa tayari ameshika chupa ya javeli, ile dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe. "Weye mutoto, acha machozi! Javeli inatoaka kila kitu! Mi nafulaka nguo tangu Uvira!"

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Umejuaje, Mama?"

Akina mama wakaangua kicheko, mmoja akapiga makofi: "Aa! Mwalimu amerudi!"

Nikawaomba tusiguse kiuno kwanza. Tujaribu kwenye pindo, kwa ndani, pasipoonekana: doa moja javeli, doa moja ndimu na chumvi. Lakini soko letu siku ile halikuwa na ndimu hata moja. Nikampigia simu Espoir, aliyekuwa Chilinde, kule Lilongwe, akitafuta viatu vya harusi.

"Ndimu?" akasema. "Benzako banaombaka maua!"

Wakati tunamngoja, Mama Riziki akapata wazo. "Basi ndimu ikifika tuchanganye na javeli, nguvu iongezeke!" Nilimnyang'anya chupa, Papa, mimi, mbele ya watu! Nikapiga magoti nikamwomba radhi, nikamweleza tulivyofundishwa: javeli ikikutana na asidi, hata ya ndimu, hutoa gesi inayounguza mapafu. Aliitazama ile chupa, akaibeba mpaka nje kwa heshima, kama anayemsindikiza mgeni mbaya.

Espoir alifika juu ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, viatu vimening'inia shingoni, mfuko wa ndimu mapajani, jasho linamtiririka. Sijawahi kuona mwanamume mzuri namna ile.

Upande wa ndimu tuliutandaza juani. Upande wa javeli, tulioupaka huko nje mbali na ndimu, ulibaki kwenye beseni chini ya paa. Doa la javeli lilibaki na rangi yake ya chungwa, kama linatucheka. La ndimu lilififia mpaka nikawa nalitafuta kwa kidole. Ndipo tukakifanyia kiuno vivyo hivyo, tukasuuza vizuri, na Jumamosi mkono wa Espoir ulikaa juu ya kitambaa cheupe. Juma lililofuata mwenzangu naye alipendeza. Mama Riziki anawaambia watu kwamba dawa ya ndimu ni yake tangu Uvira. Mwache tu.

Niliandika kisa hiki kama kazi yangu ya mwisho ya kozi. Profesa alinipongeza, kisha akaongeza sentensi moja: "Lakini ndimu ilikuwa juani na javeli kivulini. Unajuaje kwamba kutu haikuondolewa na jua?"

Nilisoma, nikaketi chini. Espoir aliuliza nina nini. Nikamwonyesha ile sentensi. Ni wewe, Papa. Umepita njia ndefu, kwa mtu asiyekujua, ukanikuta.

Basi fungate yetu imekuwa hivi: vipande vitatu vya kitambaa chenye kutu mlangoni kwetu. Kimoja na ndimu juani, kimoja na ndimu kivulini, kimoja na maji matupu juani. Majirani wanauliza kama ndiyo mapazia. Espoir huamka kabla yangu kwenda kuvitazama, anarudi kunipa habari huku miguu yake baridi inanigusa.

Pumzika salama, baba yangu. Nakuahidi neno lako halitanyamaza tena katika nyumba hii. Mtoto tutakayejaliwa atalichoka kama nilivyolichoka mimi.

Leo asubuhi tulivianua. Cha maji hakikubadilika. Cha kivulini kilichelewa, lakini kimetakata.

Ni ndimu, Papa. Na najua nimejuaje.

Binti yako,
Furaha