Maombi ya Mama Njeri

Alhamisi, jioni. Kule Dundori mlimani kulikuwa na ukungu kutwa nzima. Hapa nyumbani, mtaa wa Free Area, kumetulia, ila mimi sijatulia.

Kwa miaka kumi kamera imenilisha kwa harusi na matanga ya watu. Hii ya wakulima wa viazi ndiyo filamu yangu mwenyewe ya kwanza, na mhariri wa TV anasubiri rasimu yake Jumatatu. Inamfuata Mama Njeri, mjane ambaye nimekuwa naye tangu wakati wa kupanda. Kila nikimuuliza kuhusu binti yake hunijibu kwa mkato: yuko Nairobi, anafanya kazi, yuko sawa. Kisha anaendelea kupalilia viazi.

Kwake hakuna kinachoanza bila maombi, hata mahojiano. Wiki iliyopita niliwasha kamera mapema ili nipime mwanga. Akasema tuombe, nikainamisha kichwa. Akafunga macho na kumwambia Mungu yote aliyoninyima miezi hii: kwamba yeye mwenyewe alimfukuza binti yake Njeri akiwa na mimba, majirani wakitazama. Kwamba alikosea. Kwamba ana mjukuu ambaye hajawahi kumshika.

Kamera ilikuwa inarekodi.

Mhariri alipokuja kuiona hapa kwangu alisema huo ndio mwisho wa filamu. Naona aibu kukiri kwamba nilifurahi. Dakika mbili kama hizo nimezitafuta tangu nianze kazi hii.

Leo nilipanda Dundori kumwomba ruhusa. Nilimwonyesha kwenye laptopu, akatazama hadi mwisho akiwa ameshika leso.

"Hiyo sikuwa nakuambia wewe," akasema.

Nikajitetea kwamba pengine Njeri angeiona, arudi nyumbani.

"Akiiona kwa TV, si atajua nimeambia watu wote kabla yake? Hapana, msichana wangu. Hiyo toa."

Nikaifuta palepale mbele yake. Akanimiminia chai, akanishukuru mara mbili.

Nilichomficha ni kwamba nakala nyingine ilikuwa nyumbani, kwenye diski ya akiba. Hakuuliza, nami nikanyamaza. Njia nzima ya kuteremka nilikuwa najiambia kwamba kunyamaza si kudanganya.

Nimeifuta nakala hiyo pia sasa hivi. Sijihisi mtu mwema hata kidogo. Nahisi nimepoteza filamu, na Jumatatu nitamwambia mhariri hivyo hivyo bila kuzunguka. Akikasirika, ana haki.

Mwezi ujao Mama Njeri anachimba viazi na nimemwahidi nitakuwepo. Nitazima kamera kabla hajasema tuombe, hilo nimeshaamua. Lakini je, nitaomba naye kweli, ama nitakuwa nimeinama tu nikisikiliza kama kuna kitu cha kurekodi?