Siagi ya Chebet

Jumanne

Nimeipata! Programu mpya ya kuhariri picha, kwa bei ya mwanafunzi. Ku-upgrade ile yangu ya zamani kungekuwa ghali zaidi, wacha nicheke. Kitambulisho cha chuo kimenifaa, na mimi nasomea upishi tu.

Nikaijaribu papo hapo na picha za koito ya rafiki yangu Chebet, ile sherehe yake ya uchumba kule Soy. Nilibonyeza mara moja, nyuso zote zikawa safi, bila kung’aa hata kidogo. Nikamtumia mamake kwa mbwembwe.

Akapiga simu. “Wewe! Siagi ya baraka tuliyowapaka Chebet na mchumba wake usoni iko wapi?”

Nikazitazama picha tena. Programu ilidhani ni jasho! Nikabonyeza kurudisha, nyuso zikang’aa tena, nikatuma upya.

“Haya,” mamake Chebet akasema. “Sasa wamechumbiana.”