Neema Amepata Kampala, Lakini Anataka Kuja Kwako

Koboko, Jumanne asubuhi

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Mimi mdogo wako nakusalimu kutoka huku Koboko. Mguu wako wa kushoto je, bado unavimba ukisimama sana wodini? Shemeji kifua kimetulia? Sisi tuko, tunakula, vitenge vinauzika. Mungu hajatuacha.

Sasa kaa chini kwanza. Umekaa? Neema amekubaliwa Kampala! Udaktari! Chuo kile kikubwa ambacho watoto wa wakubwa wanaomba na kurudishwa. Shule yao yote ya Arua, ni yeye peke yake. Mwalimu mkuu alinipigia mwenyewe, mimi niko sokoni Inde, nikapiga vigelegele mpaka muuza mihogo akadhani nimeibiwa. Tangu siku hiyo mimi si Mama Neema tena. Mimi ni Mama Daktari. Naitika. Kwa nini nisiitike?

Na Gulu pia wamemkubali, udaktari huohuo. Basi nikasema mimi sichagui chuo kwa jina, nachagua kwa macho. Tukaenda kote, mimi na yeye. Nilivaa kile kitenge cha ndege ulichonipa. Nikauliza: darasa moja wako wangapi? Wasichana wanalala wapi, na mlango anafunga nani? Gulu mwanafunzi mmoja aliniambia, "Mama, hapa mwalimu anajua jina lako na la baba yako." Nikapenda. Kampala wakasema hospitali ya kujifunzia iko palepale, wagonjwa wa kila namna. Nikapenda zaidi. Tuliporudi nyumbani nikachora mstari katikati, nyuma ya kalenda, Kampala huku, Gulu huku. Nikamwambia Neema, "Jaza, tuone kipi kinakufaa."

Yaya, alichora mstari wa pili. Akaandika Bunia, huko kwako Kongo.

Nilicheka, nikidhani ni mchezo. "Bunia? Si wanasoma Kifaransa? Kifaransa chako ni cha kusalimia kuku."

"Nitajifunza."

"Kampala wanakataa watu, wewe wamekukubali, halafu unataka kuwakataa wao?"

"Mama, wewe unatafuta chuo kinachochagua sana. Na mimi pia nachagua. Mama Mkubwa amebaki na mkunga mmoja. Nikisoma kule, mchana niko darasani, jioni niko naye."

Akanitolea barua zako. Sikujua ziko nyingi hivyo. "Tunakosa mikono," umemwandikia. Mtoto wa miaka kumi na tisa, yaya, unamwandikia hivyo! Sijakasirika. Nimekasirika kidogo.

Lakini ile ya mwisho ndiyo inayonikosesha raha. Umeiandika nyuma ya kadi za wagonjwa. Karatasi zimekwisha huko? Na chini umeandika, "Njoo, huku ni salama. Ni salama." Yaya, mimi nimelala nawe kitanda kimoja miaka kumi na miwili. Ulipovunja chungu cha mama ulisema, "Si mimi, mama, si mimi." Ulipokuwa na homa ulisema, "Nimepona, nimepona," ukaanguka na ndoo kichwani. Jambo la kweli wewe unalisema mara moja, unanyamaza.

Na huku tunaona. Wanawake wa upande wenu wa mpaka waliokuwa wanashuka kumi siku ya soko, wiki iliyopita walishuka watatu. Mmoja alikuja na godoro tu. Nikamuuliza bidhaa ziko wapi, akalikaza godoro kichwani, akapita. Baba Neema naye unamjua, huyo mutu haogopi kitu. Juzi alizima redio yake, akasema, "Hii barabara ya kwenu iko kimya sana. Mimi nilikuwa askari. Kimya kama hiki nakijua." Kisha akaenda kufunga mbuzi, na jua bado liko juu.

Basi ombi langu ni hili. Mwandikie Neema umkatae. Sema nyumba imejaa. Sema chuo chenu hakichukui waliosoma Kiingereza. Sema umemchoka, sema lolote. Wewe atakusikia. Mimi ananiona natafuta sifa tu, na ni kweli, sifa nazipenda. Lakini hata akiacha Kampala na Gulu, akae hapa auze vitenge nami, nitaitika Mama Muuza Vitenge kwa sauti ileile. Kampala wanataka awe amefika Jumatatu ijayo. Muda bado upo.

Msalimie shemeji, fundi wetu wa pikipiki. Msalimie shangazi Mapendo muuza samaki, na yule mlinzi wa lango la hospitali yenu anayependa utani, kama bado yupo.

Ni mimi mdogo wako,
Riziki, Mama Daktari

Yaya, nimefungua tena bahasha. Mama Zaina, yule mfanyabiashara wa mawese ambaye atakuletea barua hii, amekuja kuichukua. Akashangaa. "Kwa nini unipe mimi? Si ungempa Neema mwenyewe?"

Nikamwambia Neema ameondoka asubuhi kwenda Arua, kuchukua vyeti vyake shuleni.

"Vyeti anavyo," akasema. "Nimemwona stendi, bahasha kifuani, anapanda gari la Ariwara, la kuvuka kwenda Kongo. Lilikuwa limejaa, ndiyo maana mimi nasafiri kesho. Amekuachia salamu: 'Mwambie mama niko salama. Niko salama.'"

Mama Zaina hakuelewa kwa nini nilikaa chini.

Kwa hiyo barua hii iko nyuma yake siku nzima. Baba Neema ametoa viatu vyake vya jeshi chini ya kitanda, anafunga kamba. Naye anakuja. Mtoto akikufikia kabla ya Baba Neema, mpe chakula kwanza. Usimgombeze. Kisha mzuie hapo, hata kwa nguvu, mpaka baba yake afike.

Na uniandikie neno moja: amefika. Nakuomba, yaya, usilirudie.